Trauti wa maziwa ya mlimani: uvuvi wa nzi bandia msimu wa vuli

Asubuhi za Septemba, kabla mawingu hayajapanda, wakazi wa Kaaga huuona Mlima Kenya wote, kutoka msitu hadi kwenye vilele. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba chini ya vilele hivyo, katika nyanda za nyasi na mimea ya baridi, kuna maziwa madogo yenye samaki. Ziwa Rutundu na Ziwa Alice yako upande wa kaskazini-mashariki wa mlima. Ziwa Ellis liko juu ya Chogoria, katika kaunti jirani ya Tharaka Nithi. Samaki wanaovuliwa huko ni trauti, na njia ya kuwavua haifanani na ile ya mtoni ya ndoano na mnyoo.

Kwa miaka mingi uvuvi huu ulionekana kuwa starehe ya wageni. Hata habari iliyoyapa maziwa haya umaarufu duniani ilikuwa ya wageni: mnamo Oktoba 2010 Mwanamfalme William wa Uingereza alimposa Catherine Middleton kwenye vibanda vya mbao vya Rutundu. Wawili hao walijaribu kuvua na hawakupata kitu. Oktoba si mwezi mbaya, lakini trauti wa ziwani hamheshimu asiyemjua, hata awe wa ukoo wa kifalme.

Makala haya yanaeleza uvuvi huo unavyofanywa, kwa nini vuli ina masharti yake, na mambo ambayo mkazi anapaswa kuyajua kabla ya kupanda, kwa sababu maji haya yako mahali ambapo uzembe mdogo unaweza kumgharimu mtu maisha.

Samaki aliyeletwa kwa meli

Trauti si samaki wa asili ya Kenya. Trauti wa kahawia aliletwa mwaka 1905, wakati Ewart Grogan alipoagiza mayai kutoka Loch Leven nchini Scotland na vifaranga vikatiwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Miaka michache baadaye, mwaka 1910, aliletwa trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini. Kutoka hapo samaki hawa walisambazwa katika mito inayoshuka kutoka Aberdare na Mlima Kenya, kisha wakapandishwa hadi maziwa ya juu ambayo samaki wasingeweza kuyafikia wenyewe. Serikali ina kituo cha kuzalisha vifaranga vya trauti huko Kiganjo, Kaunti ya Nyeri.

Sababu ya kuwapeleka juu ni baridi. Trauti anataka maji safi, yenye hewa nyingi, na yasiyozidi nyuzi joto 20 hivi. Maji yakipata joto hewa iliyomo hupungua, na samaki huyu ndiye wa kwanza kulemewa. Ndiyo maana mto Kathita una maji yanayomfaa kule juu msituni, lakini ukishafika mjini Meru na kuendelea kuteremka kuelekea Tana, huo ni mto mwingine kabisa kwake.

Swali ambalo wafugaji huliuliza mara kwa mara linajibika hapa pia: je, trauti anaweza kufugwa kwenye kidimbwi cha Kaaga? Kwa kawaida hapana. Kidimbwi cha maji yaliyotulia, kinachopigwa na jua kutwa, kitamuua. Anafugwa Timau, ambako kuna mwinuko, baridi na maji ya kijito yanayopita bila kukoma. Shamba la Kentrout ni mfano unaojulikana. Kwa vidimbwi vya eneo hili, tilapia na kambare ndio wanaofaa, kama walivyochimbiwa vidimbwi wakulima wengi chini ya mpango wa serikali wa kufufua uchumi ulioanza mwaka 2009. Kiwanda cha samaki cha Kanyakine, Imenti Kusini, kilitokana na mpango huo huo.

Vuli yetu na vuli yao

Vitabu vingi vya uvuvi wa trauti vimeandikwa Ulaya na Marekani, na vinapozungumzia vuli vinamaanisha majani kupukutika, maji kupoa na samaki kula kwa pupa kabla ya majira ya baridi kali. Katika nchi hizo trauti wa kahawia hutaga mayai kuanzia mwezi Oktoba, na sehemu nyingi hufunga uvuvi kipindi hicho. Mkazi wa Meru akikifuata kitabu kama hicho neno kwa neno atapotea.

Vuli ya huku ni mvua. Upande huu wa mashariki wa Mlima Kenya, mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo kubwa kuliko zile za Machi hadi Mei, jambo ambalo kila mkulima wa hapa analijua bila kuambiwa. Halijoto ya mlimani haibadiliki sana kutoka mwezi mmoja hadi mwingine kwa kuwa tuko kwenye ikweta. Inabadilika kati ya mchana na usiku. Usiku maji ya kina kifupi kwenye ukingo wa ziwa hupoa sana, na nyasi zinaweza kuamka na sakitu. Saa tatu au saa nne asubuhi jua limeshayapasha. Kwa hiyo mvuvi wa Mlima Kenya hana budi kuangalia saa kuliko kalenda.

Septemba na siku za kwanza za Oktoba, kabla mvua hazijashika, ndio wakati mwepesi zaidi kwa anayeanza. Barabara za msituni zinapitika, maji ni maangavu, na asubuhi huwa na jua. Ubaya wake ni kwamba maji yakiwa maangavu samaki naye anamwona mvuvi. Mvua zikishaanza, mito ya chini hugeuka rangi ya chai ya maziwa na haifai kwa nzi bandia kwa siku kadhaa baada ya kila mvua kubwa. Maziwa ya juu hayachafuki upesi hivyo, kwa sababu yamezungukwa na nyasi zinazoshika udongo. Wakati huo mahali pa kuanzia ni pale kijito kinapoingilia ziwani. Mvua hushusha wadudu, maji mapya huwa na hewa nyingi, na trauti hukusanyika hapo kungojea chakula.

Uzito uko kwenye mshipi

Anayeshika kifaa hiki kwa mara ya kwanza hushangaa kwamba nzi bandia hana uzito wowote. Ni ndoano ndogo iliyofungwa nyuzi, sufu na manyoya ya ndege ili ifanane na mdudu. Haiwezi kurushwa kama jiwe au kama ndoano yenye risasi. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito, na nzi hufuata nyuma akiwa amefungwa kwenye uzi mwembamba wa nailoni wenye urefu wa mita tatu hivi. Ufito wa kawaida kwa maziwa haya ni wa futi tisa, na mshipi wa nambari 5 au 6 unatosha.

Kurusha kunaanza kwa kuunyanyua mshipi kutoka majini polepole, kisha kwa kasi inayoongezeka hadi ufito usimame karibu wima, nyuma kidogo ya sikio. Hapo mkono unasimama. Watu wengi hukosea hapa: hawangojei. Mshipi lazima unyooke wote nyuma ya mvuvi kabla haujarudishwa mbele. Ukiharakishwa, unalia kama mjeledi na nzi hukatika. Kisha ufito unasukumwa mbele na kusimamishwa tena, juu ya maji na si kwenye maji, ili mshipi uteremke wenyewe kwa upole. Nguvu haisaidii. Mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye subira atarusha vizuri kuliko mwanamume wa jembe anayeshindana na upepo. Uwanja wowote wa nyasi unafaa kwa mazoezi, mradi ndoano imeondolewa na mahali pake pamefungwa kipande cha uzi wa sufu.

Ziwani samaki hutembea

Mtoni trauti husimama akiukabili mkondo, na chakula kinamfuata. Ziwani hakuna mkondo. Samaki anazunguka akitafuta chakula, na mvuvi anayesimama mahali pamoja akirusha upande ule ule kutwa nzima anamngojea mgeni ambaye huenda ameshapita. Kazi ya kwanza basi ni kutazama. Dakika kumi za kukaa kimya mbali kidogo na ukingo zina faida kuliko saa nzima ya kurusha. Viduara vinavyotokea juu ya maji, kivuli kinachopita kando ya majani, visubi wanaoelea: hizo zote ni habari.

Upepo ni habari nyingine. Husukuma wadudu kutoka upande mmoja wa ziwa hadi mwingine, na trauti huwafuata. Kwa hiyo ukingo unaopigwa na mawimbi madogo, ambao mvuvi mgeni huukimbia kwa sababu ni mgumu kurushia, mara nyingi ndio wenye samaki. Pale maji meusi yenye kina yanapokutana na maji ya kijani ya kina kifupi, samaki hupita kama ng'ombe wanavyopita kando ya ua.

Mvuvi akaribie chini chini, asisimame kwenye mwinuko na anga nyuma yake, na asikanyage kwa kishindo, maana ukingo wa tope hupeleka mtikisiko majini. Mrusho wa kwanza uwe wa karibu, sambamba na ukingo. Wengi huingia majini hadi magotini na kurusha mbali, kumbe samaki walikuwa pale pale walipokanyaga.

Asubuhi na mapema, wakati bado ni baridi, chakula kiko chini. Hapo hutumiwa nzi anayezama, wa rangi nyeusi au kahawia, anayeiga buu la kereng'ende au la kisubi. Mmoja wa zamani unaoaminika nchini huitwa Kenya Bug, mweusi, na umaarufu wake umevuka mipaka. Baada ya kurusha, mvuvi huhesabu moyoni. Mrusho wa kwanza anahesabu hadi tano kabla ya kuvuta, wa pili hadi kumi, wa tatu hadi kumi na tano, hadi nzi aguse majani ya chini au samaki aguse nzi. Akiguswa kwenye kumi, miruko mingine yote inahesabiwa kumi. Njia hii ni rahisi, haigharimu chochote, na ndiyo inayotenganisha anayejua na anayebahatisha.

Kuvuta ni kwa mkono ulio huru, si kwa gurudumu la mshipi. Mkono unavuta sentimita kumi, unatulia, unavuta tena. Buu halisi huogelea kwa vishindo vifupi na kupumzika, na trauti mara nyingi humkamata nzi wakati ule wa kutulia. Mshipi ukisita hata kidogo, ufito unyanyuliwe. Kungoja mvuto mkubwa ni kumpa samaki nafasi ya kuitema ndoano, kwa sababu ameshagundua kwamba alichouma si chakula.

Jua likishapasha ukingo, kati ya saa tatu na saa sita, samaki huja karibu na juu zaidi. Alasiri mawingu hufunika mlima, upepo huwa wa baridi, na mara nyingi uvuvi hulala. Kisha, kama hewa imetulia, saa kumi na moja hivi jioni viduara huanza kuonekana kila mahali. Huo ndio wakati wa nzi anayeelea, mdogo, asiyevutwa kabisa. Anaachwa akae juu ya maji hadi samaki aje kumchukua. Ni nusu saa tu, na ni kweli kwamba waliokwisha kuiona hawaisahau, lakini pia ndiyo nusu saa inayowachelewesha watu mlimani hadi giza.

Trauti akishanaswa asivutwe kwa nguvu. Aachwe akimbie, ufito ukiwa juu, na avutwe anapochoka. Anayetaka kumrudisha majini atumie ndoano isiyo na kijino, alowanishe mikono kabla ya kumshika, kwa kuwa mkono mkavu huondoa ute unaomkinga na magonjwa, na asimtoe majini kwa muda mrefu. Anayetaka kumla amuue mara moja na kumtoa matumbo mapema. Trauti huhitaji maji yanayotiririka na changarawe ili atage, kwa hiyo ziwa lisilo na kijito kinachofaa haliwezi kujaza nafasi za samaki waliochukuliwa bila kuletewa vifaranga. Mtu akibeba gunia leo, hakuna wa kesho.

Vibali, na kosa la mtungi

Uvuvi nchini unaongozwa na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016. Sheria hiyo inakataza kuvua kwa sumu, baruti au umeme. Trauti huvuliwa kwa leseni, na maji yake ni ya ufito na mshipi, si ya nyavu wala mitego. Leseni na masharti yake, pamoja na idadi na ukubwa wa samaki wanaoruhusiwa kuchukuliwa, huulizwa kwa Huduma ya Uvuvi ya Kenya au kwa maafisa wa uvuvi wa kaunti. Maziwa yenyewe yako ndani ya eneo linalolindwa. Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kenya ilianzishwa mwaka 1949 na kuorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 1997. Leseni ya uvuvi haimruhusu mtu kuingia hifadhini. Ada ya kuingia hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kupitia eCitizen.

Kuna kosa moja ambalo hufanywa kwa nia njema. Mtu anachukua vifaranga kwa mtungi wa plastiki na kuvitia katika kijito au bwawa jipya ili kijiji kipate samaki. Trauti wa kahawia na trauti wa upinde wote wawili wamo katika orodha ya kimataifa ya viumbe wageni 100 waharibifu zaidi duniani, kwa sababu wanapoingia mahali pasipo pao hula wadudu, vyura na samaki wadogo wa asili. Vifaranga visihamishwe bila idhini ya maafisa wa uvuvi.

Mlima unaua kwa baridi

Kaaga iko kwenye mwinuko wa chini sana ukilinganisha na maziwa haya. Rutundu liko zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na Ellis juu zaidi. Anayepanda kwa gari asubuhi na kuanza kuvua mchana huohuo anaweza kuumwa kichwa, kuhisi kichefuchefu na kukosa pumzi. Dalili zikizidi, dawa ni kushuka, na kushuka mara moja, si kulala ili kuona kama asubuhi kutakuwa nafuu.

Mvua ya vuli ni hatari kuliko inavyoonekana. Nguo zikilowa na upepo ukivuma, mtu anaweza kupoteza joto la mwili hata mchana. Anayeanza kutetemeka, kisha kusema maneno yasiyoeleweka na kujikwaa, si mlevi wala mvivu. Avuliwe nguo zilizolowa, avalishwe kavu, akingwe upepo na apewe kinywaji cha moto kisicho na pombe. Gambuti zinafaa ukingoni lakini zikijaa maji humfanya mtu ashindwe kusogea kwa urahisi, na maji ya baridi kiasi hicho hukata pumzi hata ya mwogeleaji hodari. Hakuna sababu ya kuingia zaidi ya magotini, na hakuna anayepaswa kuvua peke yake.

Fito nyingi za kisasa ni za nyuzi za kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Ngurumo zikisikika, ufito uwekwe chini na mvuvi aondoke kwenye maji na kwenye uwanda ulio wazi. Njiani msituni kuna nyati na ndovu, kwa hivyo kutembea alfajiri au jioni bila mwongozaji anayeijua njia ni kucheza na roho. Mtandao wa simu haupatikani kila mahali, kwa hiyo jina la ziwa na saa ya kurudi viachwe kwa jamaa na langoni. Dharura hupigiwa 999 au 112, na Msalaba Mwekundu wa Kenya hupatikana kwa 1199.

Manyoya ya shingo ya jogoo

Waongozaji, wapagazi na wapishi wa Chogoria na wa upande wa Timau wanajipatia riziki kutokana na wapanda mlima. Mvuvi ni mgeni wa aina tofauti kidogo: hakimbilii kilele, hukaa mahali pamoja siku mbili au tatu, na humhitaji mtu anayejua ni ukingo upi una samaki upepo ukitoka upande fulani. Ujuzi huo haupatikani darasani. Kijana anayeutaka lazima akae ziwani, atazame na kuandika.

Halafu kuna nzi wenyewe. Kenya ina karakana ambako mafundi, wengi wao wanawake, hufunga nzi bandia kwa mkono kwa ajili ya maduka ya Ulaya na Marekani. Kazi hiyo inahitaji koleo dogo la kushikia ndoano, mkasi mkali, uzi na macho mazuri. Manyoya marefu ya shingo ya jogoo, yale ambayo katika boma nyingi za Kaaga hutupwa baada ya sikukuu, ndiyo huzungushwa kwenye ndoano ili nzi aelee. Manyoya ya kahawia na ya kijivu ndiyo yanayofaa zaidi kwa kuanzia. Yaoshwe kwa sabuni, yaanikwe kivulini na yahifadhiwe mahali pasipo na nondo.